Brashi na Bwawa la Kuogelea: Kazi Ambayo Klorini Haiwezi Kuifanya

Bwawa la kuogelea huchafuka mahali pawili kwa wakati mmoja. Uchafu wa kwanza umo ndani ya maji yenyewe, nao huonekana kwa macho au hupimika kwa vifaa rahisi: vumbi, majani, jasho, mafuta ya ngozi na vijidudu vinavyoelea. Uchafu wa pili umejishika kwenye kuta, sakafu, ngazi na pembe za bwawa, na kwa kuwa mara nyingi ni utando mwembamba usio na rangi, mtu aliyesimama ukingoni huweza kuyatazama maji yanayometa na kuviona vigae vya chini vizuri kabisa bila kutambua kwamba upo. Dawa, pampu na chujio vimetengenezwa hasa kwa ajili ya uchafu wa kwanza. Kwa uchafu wa pili kifaa kikuu ni brashi yenye mpini mrefu inayosukumwa na mikono ya mtu, na katika hoteli, shule, vilabu na nyumba nyingi zenye mabwawa hicho ndicho kifaa kinachoguswa kwa nadra kuliko vyote, ingawa ndicho cha bei nafuu zaidi.

Sababu ya brashi kuhitajika inaanzia katika namna maji yanavyotembea. Pampu huyavuta maji kupitia matundu ya ukingoni yanayonasa takataka zinazoelea, ambayo mafundi huyaita skima, na kupitia shimo lililo sakafuni upande wa kina kirefu. Huyapitisha kwenye chujio, ambalo mara nyingi ni tangi lililojazwa mchanga maalumu, kisha huyarudisha bwawani kwa matundu madogo ya ukutani. Mabwawa mengi hupangwa ili maji yanayolingana na ujazo wote wa bwawa yapite kwenye chujio kila baada ya saa 6 hadi 8. Makadirio hayo huyachukulia maji yote kana kwamba yanatembea kwa kasi moja, jambo ambalo halitokei katika bwawa lolote. Yaendayo kasi ni yale yaliyo mbele ya matundu ya kurudishia, hali yale ya kwenye pembe, nyuma ya ngazi ya chuma, chini ya vidato, kandokando ya taa za majini na katika makutano ya ukuta na sakafu huzunguka polepole au husimama kabisa. Zaidi ya hapo, fizikia ya vimiminika inaeleza kwamba maji yanayogusa ukuta moja kwa moja hushikiliwa hata yakawa hayasogei, na kasi yake huongezeka kidogo kidogo kadiri yanavyokuwa mbali na ukuta huo. Kwa hiyo kila ukuta wa bwawa, hata ule ulio karibu na pampu yenye nguvu, umevikwa tabaka jembamba la maji yaliyotulia. Ndani ya tabaka hilo chembe ya vumbi, seli ya mwani au bakteria hupata nafasi ya kutua na kujishika bila kusombwa kupelekwa kwenye chujio.

Bakteria aliyekwisha kutua juu ya kigae au lipu huanza kutoa ute wa kunata uliojengwa kwa sukari zilizoungana katika minyororo mirefu pamoja na protini. Ute huo humshikiza mahali pake, humkusanyia chakula kutoka katika maji yanayopita, na huwapokea bakteria wa aina nyingine wanaokuja kuishi naye, mpaka ikatokea jamii nzima ya vijidudu iliyojifunika kwa ute wake yenyewe. Jamii hiyo ndiyo ukoga, na vitabu vya mikrobiolojia huiita bayofilimu. Ukoga wa bwawani na ule wa meno ni vitu vya asili moja, na historia ya kuuchunguza inaanzia kinywani: mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi aliyekuwa akijitengenezea hadubini zake mwenyewe, alikwangua ukoga wa meno yake, akauchanganya na maji, akaona humo viumbe vidogo mno vikitembea, kisha akaiandikia Royal Society ya London kueleza alichokiona. Ilipita karibu karne tatu kabla jambo hilo halijapewa uzito wake, pale mwaka 1978 mwanasayansi John William Costerton wa Kanada na wenzake walipoeleza katika jarida la Scientific American kwamba bakteria katika maumbile aghalabu huishi wakiwa wamejishika pamoja kwenye nyuso za vitu, ndani ya ute, na si kila mmoja akielea peke yake. Daktari wa meno hamshauri mgonjwa asukutue kwa dawa kali zaidi badala ya kupiga mswaki, kwa kuwa anajua kwamba utando uliojishika huondolewa kwa kusuguliwa, na ukuta wa bwawa unafuata kanuni hiyohiyo.

Klorini, kwa upande wake, huviua vijidudu vingi vinavyoelea kwa haraka ya kuridhisha. Kwa mujibu wa CDC, taasisi ya Marekani inayoshughulika na udhibiti wa magonjwa, maji yenye miligramu 1 ya klorini huru katika kila lita, yakiwa na pH ya 7.5 na nyuzijoto 25 za Selsiasi, huwaua bakteria hatari wa E. koli katika muda usiofika dakika 1. Klorini huru ni ile ambayo bado haijaungana na uchafu wowote na hivyo ingali na nguvu ya kuua. pH ni kipimo kinachoonyesha kama maji yameelemea upande wa asidi au wa besi. Bakteria wakiwa ndani ya ukoga, hata hivyo, hustahimili dawa kwa kiwango kikubwa kuliko wakiwa wanaelea, na sababu moja kubwa ni kwamba klorini haibagui: hushambulia kila kitu kilicho hai au kilichotokana na kilicho hai, kwa hiyo inapofika kwenye ukoga hutumika kuuteketeza ute wa juu, ikaisha kabla haijawafikia wale walio chini. Siku inayofuata ute umekwisha kujengwa upya.

Hesabu ndogo huonyesha jinsi klorini ilivyo chache mbele ya kazi hiyo. Bwawa la nyumbani au la hoteli ndogo lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5 hubeba lita 75,000 za maji, na likiwa na miligramu 1 ya klorini huru kwa lita, klorini yote iliyomo ni gramu 75. Gramu hizo hutakiwa kuviua vijidudu vinavyoingia na kila mwogeleaji, kuteketeza jasho na mkojo, kustahimili jua la mchana kutwa ambalo miale yake huvunja klorini kwa kasi, na bado zibaki za kupambana na utando uliotanda juu ya mita za mraba 95 za kuta na sakafu. Mwenye bwawa asiyesugua hujikuta akinunua dawa nyingi zaidi kila mwezi bila kuelewa sababu, kwa kuwa kila asubuhi mhudumu anapopima hukuta kiwango kimeshuka, akaongeza, na sehemu ya kile alichoongeza ikaliwa na kuta. Tena klorini inayoungana na jasho na mkojo hugeuka kuwa kloramini, ambazo ndizo ziletazo harufu kali ya dawa na kuwasha macho. Watu wengi huichukulia harufu hiyo kuwa ushahidi wa usafi, hali ni ushahidi wa klorini iliyokwisha kutumika.

Kuna wakati ambapo kusugua hakukuhitaji kuhimizwa. Nchini Uingereza katika karne ya 19 mabwawa ya umma yalijazwa maji mapya, yakatumiwa siku kadhaa, kisha maji yakamwagwa na bwawa likasafishwa likiwa tupu, na katika mabwawa mengi kiingilio kilishuka kadiri siku zilivyosonga na maji kuzidi kuchafuka. Mwaka 1910 bwawa la Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, likawa miongoni mwa ya kwanza kutiwa dawa ya klorini, na utaratibu huo ulipoenea pamoja na machujio bora, maji yaliweza kukaa bwawani kwa miezi na hata miaka bila kubadilishwa. Afya za waogeleaji zilinufaika sana kwa mabadiliko hayo, wala hakuna sababu ya kutamani kurudi nyuma. Lakini ile nafasi ya kusugua iliyokuja yenyewe kila maji yalipomwagwa ilipotea, na pamoja nayo ikapotea mazoea ya kuufikiria ukuta. Hapo ndipo ulipoanza ule uelewa mbovu wa kuamini kwamba kemikali ikiwa ya kutosha, mkono wa mtu hauhitajiki.

Ukubwa wa bwawa nao hubadilisha uzito wa jambo hili kwa namna ambayo wengi huidhania kinyume. Hudhaniwa kwamba bwawa kubwa ndilo lenye taabu na dogo ni rahisi kulitunza, ilhali kwa upande wa ukoga ni dogo ndilo lenye hatari zaidi. Bwawa la kiwango cha Olimpiki lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 25 na kina cha mita 2 hubeba lita milioni 2.5, na kuta zake pamoja na sakafu ni mita za mraba 1,550. Hivyo kila mita moja ya ujazo ya maji inabeba takriban mita za mraba 0.6 za uso unaoweza kuota ukoga. Katika lile bwawa la lita 75,000 kiasi hicho hupanda hadi karibu mita za mraba 1.3. Katika bwawa la watoto lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kina cha nusu mita, ambalo hubeba lita 6,000 tu, kiasi hicho hufika mita za mraba 3.2, yaani zaidi ya mara tano ya bwawa la Olimpiki, na klorini yote iliyomo kwa kipimo cha miligramu 1 kwa lita ni gramu 6. Maji hayo ya kina kifupi hupata joto upesi, hutembelewa na watoto ambao hawajui kujizuia mkojo, na ndiyo yanayomezwa kwa wingi kwa sababu mtoto mdogo akicheza majini huwa mdomo wazi. Mita za mraba 19 za bwawa kama hilo zinaweza kusuguliwa kila asubuhi kwa muda mfupi kabla wageni hawajaamka, na mahali ambapo kazi hiyo haifanyiki hakuna udhuru wa gharama wala wa muda unaoweza kukubalika.

Madhara kwa afya yanajulikana vyema. Bakteria anayeitwa Sudomonasi, ambaye ni hodari wa kujenga ukoga mahali penye unyevunyevu, husababisha uvimbe wenye maumivu katika njia ya sikio la nje, ugonjwa unaowapata waogeleaji wengi, na pia husababisha vipele vyekundu vyenye kuwasha katika vitundu vya vinyweleo, hasa sehemu zilizofunikwa na vazi la kuogelea. Mwaka 1975 wataalamu wa afya nchini Marekani waliripoti mkurupuko wa vipele hivyo uliofuatiliwa hadi kwenye beseni la maji moto yenye mapovu, maarufu kwa jina la jakuzi, katika moteli moja. Jakuzi huhitaji uangalizi wa pekee kwa kuwa maji yake ni ya moto na machache, na mabomba yake ya kupulizia hewa yana kuta za ndani ambazo brashi haifiki na ambazo hulazimu kusafishwa kwa njia nyingine. Mwaka 1999 jakuzi iliyowekwa kwa maonyesho tu katika tamasha la maua huko Bovenkarspel, Uholanzi, ilihusishwa na mlipuko wa homa ya mapafu iletwayo na bakteria wa Lejionela, ambaye hustawi ndani ya ukoga na humwingia mtu kwa matone madogo yanayorushwa hewani. Watu wengi wasiopata hata kuyagusa maji hayo waliugua, na wasiopungua 28 walipoteza maisha. Bwawa la kawaida la kuogelea halina hatari ya kiwango hicho, lakini tukio lile linafundisha kwamba ukoga si suala la sura ya bwawa pekee.

Baada ya bakteria huja mwani, yaani viumbe wadogo wanaojitengenezea chakula kwa nuru ya jua kama mimea. Ukoga ulioachwa huwa shamba lililokwisha kutayarishwa kwa ajili yao. Mwani wa kijani ndio wa kawaida, na ukuta unaoanza kuteleza kwa vidole huwa umekwisha kuota kabla ya jicho kuona rangi. Mwani wa manjano hukaa kwenye kuta zenye kivuli na hufanana na vumbi au mchanga mwembamba, na mhudumu anayeugusa kwa brashi huuona ukitimka kama wingu, ukatawanyika na kutua tena siku ya pili mahali palepale usipouawa kwa klorini ukiwa bado unaelea. Ule uitwao mwani mweusi, ambao kwa hakika ni bakteria wa jamii ya sianobakteria, ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu huota kwa madoa madogo ndani ya vitundu vya lipu na katika saruji iliyo kati ya vigae, ukajifunika kwa tabaka gumu ambalo klorini haipenyi. Doa la namna hiyo hukwanguliwa kwanza kwa brashi ya waya hadi kifuniko kipasuke, ndipo dawa ifuate; ukiimwaga dawa bila kukwangua, rangi ya juu hufifia na doa hurudi baada ya siku chache.

Kasi ya mwani ilishuhudiwa na ulimwengu mzima katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro. Tarehe 9 Agosti 2016 maji ya bwawa la kupiga mbizi katika kituo cha Maria Lenk yaligeuka ya kijani, na bwawa la jirani likafuata. Waandaaji walieleza baadaye kwamba siku nne kabla yake lita 80 za haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoibatilisha klorini, zilikuwa zimeingizwa katika maji hayo, na hivyo viumbe vidogo, pengine mwani, vikapata nafasi ya kustawi. Hatimaye maji ya bwawa la pili yalimwagwa na kubadilishwa kabla ya mashindano ya kuogelea kwa mpangilio. Chanzo pale kilikuwa kosa la kemikali na hakikuhusu brashi. Funzo lake kwa mwenye bwawa ni kwamba siku chache za klorini kukosa nguvu zinatosha, na bwawa lenye kuta zilizosuguliwa wiki hiyohiyo huingia katika siku kama hizo likiwa na mbegu chache za kuota.

Katika pwani ya Afrika Mashariki kuna adui mwingine asiye hai, naye ni chokaa. Sehemu kubwa ya Unguja na ya ukanda wa Mombasa na Diani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima yanayopita katika mwamba huo hutoka yakiwa magumu, yaani yenye madini mengi ya kalsiamu. Yakijazwa bwawani na kupigwa na jua, maji hupaa angani na madini hubaki, kisha huongezwa maji mengine magumu kufidia yaliyopaa, hata kiasi cha kalsiamu kikapanda mwezi hadi mwezi. Dawa ya unga ya klorini inayotumika sana katika nchi hizi, kalsiamu haipokloraiti, nayo huongeza kalsiamu na kuipandisha pH. Mwaka 1936 mhandisi wa maji wa Marekani, Wilfred Langelier, alionyesha namna ya kukokotoa kama maji fulani yatatua chokaa au yatakula kuta, kwa kutumia pH, joto, ugumu wa maji na vipimo vingine, na hesabu yake ingali inatumika. Kwa lugha nyepesi, maji yenye joto, pH ya juu na kalsiamu nyingi hutua chokaa, na hizo ndizo hali za bwawa la pwani lisilopimwa. Chokaa hiyo huanza kama ukungu mweupe unaoondoka kwa brashi ya kawaida, na ikiachwa hugeuka ukoko mgumu unaokwaruza miguu. Katika mikwaruzo ya ukoko huo ukoga hujificha vizuri zaidi, na kwenye mstari wa maji hukutana na mafuta ya ngozi na ya kujikinga na jua, vikafanya mkanda wa kahawia unaoonekana katika mabwawa mengi ya hoteli. Kuta za lipu mpya zina hitaji lao pia: katika wiki za mwanzo baada ya kujazwa maji hutoa vumbi la chokaa, na mafundi hushauri zisuguliwe mara mbili kwa siku ili vumbi hilo lisigande.

Brashi yenyewe huchaguliwa kwa kuangalia ukuta. Kuta za vigae, faibaglasi, rangi au plastiki husuguliwa kwa nyuzi za nailoni, kwa kuwa waya huzichana na kila mchirizi huwa maficho mapya. Kuta za lipu au zege hustahimili waya wa chuma kisichoshika kutu, na waya wa chuma cha kawaida haufai popote, kwani vipande vyake hukatika, vikabaki sakafuni na kuacha madoa ya kutu. Brashi pana ya takriban sentimita 45 hutosha kwa kuta na sakafu, na ndogo ngumu huhitajika kwa saruji ya kati ya vigae na nyuma ya ngazi. Kazi huanzia kwenye mstari wa maji, ambako uchafu wa mafuta ni mwingi, ikashuka ukutani kwa mapigo marefu yanayopitana ili kusiachwe mlia, kisha sakafu ikasuguliwa kutoka upande wa kina kifupi kuelekea kwenye shimo la kunyonya maji. Mahali panapostahili nguvu zaidi ni palepale ambapo maji hayatembei: pembe, vidato, kandokando ya taa na chini ya ukingo. Pampu iwe inafanya kazi wakati wote huo, kwa maana shabaha ni kuutoa uchafu ukutani na kuukabidhi kwa maji, maji yaukabidhi kwa chujio na klorini. Ukoga uliovunjwavunjwa hupoteza ngao yake, na dawa inayotiwa jioni baada ya kusugua huwakuta bakteria wazi. Mita ya mgandamizo ya chujio ikipanda kwa paundi 8 hadi 10 kwa inchi ya mraba kuliko kipimo cha chujio safi, mhudumu hugeuza mkondo wa maji ili kuuosha mchanga, la sivyo uchafu aliouondoa hautakuwa na pa kwenda.

Neno la msingi katika haya yote ni utaratibu, kwa sababu ukoga mchanga na ukoga uliokomaa ni vitu viwili tofauti. Wa siku chache ni laini na hutoka kwa pigo moja la brashi. Ule wa wiki nyingi umekwisha kujifunga kwa ute mzito na kushika chokaa, nao huanza kumeguka wenyewe na kurudisha vijidudu ndani ya maji kila mwogeleaji anapougusa. Ndiyo maana kusugua kwa nguvu siku moja katika miezi mitatu hakulingani na kusugua kwa wepesi kila wiki, ingawa jasho linalotoka linaweza kuwa sawa. Mara moja kwa wiki ni kiwango cha chini. Katika joto la pwani, au bwawa likiwa na wageni wengi, mara mbili ndiyo inayofaa, na baada ya mvua kubwa au mwani kuonekana, kila siku mpaka maji yatulie. Mashine zinazotambaa zenyewe sakafuni hupunguza kazi kwa kiasi kikubwa na zinastahili kutumiwa na wenye uwezo, lakini nyingi hazipandi vidato, hazifiki nyuma ya ngazi na hupita juujuu kwenye mstari wa maji, yaani huacha palepale ambapo ukoga huanzia.

Wasimamizi wanaomkabidhi mhudumu pipa la dawa na kumwacha bila brashi nzuri, bila kipimo cha maji na bila muda uliotengwa kwa kusugua, humtwika lawama ya bwawa ambalo hawakumwezesha kulitunza. Kazi hii ni ya mikono, huchosha mabega na kiuno, na inastahili kuandikwa katika ratiba kwa siku na saa kama inavyoandikwa zamu ya mlinzi. Kwa mzazi anayempeleka mtoto kuogelea kuna kipimo kisichohitaji kifaa: kabla mtoto hajaingia, apitishe kiganja kwenye ukuta chini kidogo ya mstari wa maji na juu ya kidato cha kwanza cha ngazi, na akikuta utelezi, amwombe mhudumu apasugue na apime klorini kwanza, na akikataliwa amrudishe mtoto nyumbani.